Mapipa, na Mashine ya Kukausha Nyumba

Mimi ni mtu wa Misima, kule Handeni, na mtu wa Misima hamwagi maji. Nalisema hili mapema kwa sababu msomaji asiyelijua ataona kwamba yaliyonipata na ile mashine ni ya mtu aliyerukwa na akili. Huenda nilirukwa kidogo. Lakini nilirukwa kwa namna ya kwetu.

Nimekaa Korogwe zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilikuja nikimfuata mume wangu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha mkonge upande wa Mazinde, na alipokaribia kustaafu tukajenga mjini, kule bondeni, mahali ambapo mto huuoni lakini ukilala unajua upo. Hewa ya hapa ni nzito. Chumvi haimwagiki kutoka kwenye kopo, unaichimba kwa kijiko. Viatu usivyovaa mwezi mzima vinaota manyoya ya kijani. Mume wangu alipokuwa hai hatukuyajali sana haya, maana nyumba ilikuwa na watu. Milango ilifunguliwa na kubamizwa kutwa nzima, jiko la kuni liliwaka nyuma asubuhi na jioni, na unyevu haukupata nafasi ya kukaa chini. Alipofariki, watoto walikuwa wameshakwenda kwenye maisha yao. Nikahamia kwenye jiko la gesi, kwa sababu kuwasha kuni kwa ajili ya sufuria moja ya ugali wa mtu mmoja ni kujidhihaki. Vyumba nikavifunga. Unyevu ukaona sasa kumekucha, ukaingia.

Ulianzia chumba cha watoto. Nilikuta madoa meusi kwenye pembe, nyuma ya kabati, kama mtu aliyepuliza masizi ukutani. Nikasugua, nikapaka chokaa, nikaweka mkaa kwenye beseni chini ya kitanda kama nilivyoshauriwa na jirani, na chumvi ya mawe kwenye sahani. Mkaa ulinyonya ulichoweza. Chumvi iligeuka uji. Madoa yalirudi, na safari hii yalikuja na harufu, ile harufu ya gunia lililosahauliwa mvuani.

Yangeishia hapo ningeyavumilia. Mimi ni mzee, mapafu yangu yameshazoea kila kitu. Lakini nina mjukuu.

Ni mtoto wa binti yangu mdogo, na binti yangu anafanya kazi Handeni mjini, katika ofisi moja ya wilaya. Hilo nalo lilinichekesha na kuniudhi kwa pamoja: mimi nilikimbia ukavu wa Handeni nikiwa msichana, yeye aliyezaliwa kwenye majani mabichi akaenda kuufuata. Mjukuu wangu yuko darasa la pili. Kila likizo alikuwa analetwa kwangu na kijibegi chake, na likizo hizo ndizo zilizokuwa kalenda yangu. Desemba iliyopita alilala katika chumba kile cha watoto, akaanza kukohoa, kisha kifua kikawa kinapiga filimbi. Tukampeleka hospitali. Daktari akasema ni pumu, na akauliza kama anakolala kuna ukungu. Binti yangu alinitazama.

Aliporudi Handeni alinipigia simu. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mama, naomba usinielewe vibaya. Hatakuja tena huko mpaka nyumba ikauke."

"Basi nitakuja mimi huko," nikamjibu.

Na nilikwenda. Lakini nikienda kwake mimi ni mgeni. Naambiwa nikae, naletewa chai, nikishika kikombe nikioshe naambiwa, "Mama acha." Mtoto mwenyewe yuko shule mchana kutwa, jioni ana kazi za shule, na chumba ninacholalia ni chake, yeye anahamishiwa kwa mama yake. Siku chache tu zinatosha kumjulisha mtu kwamba anangojewa aondoke, hata kama hakuna anayemwambia. Likizo ya Pasaka ikapita bila mtoto kuja Korogwe. Nikakaa sebuleni na mayai niliyomchemshia kwa mazoea, nikayala mwenyewe, siku mbili. Nikaapa kwamba ikifika likizo ya Juni, nyumba hii itakuwa imekauka hata kwa kuikamua.

Nilikuwa nimesikia kwamba ipo mashine ya kuvuta unyevu hewani. Niliyoambiwa ilikuwa habari ya ghala moja la dawa, lakini nikajiuliza, kama inaweza kukausha ghala, itashindwaje na chumba?

Tatizo lilikuwa kuichagua. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuchagua mashine. Redio, pasi, feni, pampu ya maji, hata saa ya ukutani, kila kilichotumia umeme kwangu alikichagua mume wangu, na alikuwa na namna yake. Alimwambia muuzaji aiwashe. Hakuuliza bei, hakuuliza imetoka nchi gani. Aliweka kiganja juu yake, akafumba macho, akakaa kimya hadi muuzaji aanze kujishuku. Kisha akasema, "Zima." Hapo ndipo aliposikiliza zaidi. Alikuwa akisema ikiwashwa kila mashine inajitahidi, mbele ya watu. Tabia yake unaijua inapozimwa. Nilikuwa nikisimama nyuma yake na mkoba, nikiona aibu, nikiomba tuondoke.

Duka la kwanza nililoingia lilikuwa la vijana, lenye muziki mkubwa. Nikamweleza muuzaji shida yangu, akaitikia kabla sijamaliza. "Hii hapa mama, ya hewa kabisa, hii utaipenda." Akachomeka kitu kizuri chenye umbo la yai, akakitia maji, akakiwasha. Kikanipulizia mvuke usoni.

"Mwanangu," nikamwambia huku nikijifuta miwani, "unyevu nilionao nyumbani ni wa bure, na ni mwingi kuliko huu."

Duka la pili lilikuwa karibu na stendi, la mama mmoja wa rika langu anayeuza majokofu. Yeye alinielewa. Hakuwa nayo dukani, lakini alisema ataagiza mbili za aina tofauti kutoka Dar, nichague mwenyewe, kwa sababu hakutaka nije kumlilia baadaye. Zilipofika akaniita, akaniwekea zote mbili kwenye meza.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeupe, ya kupendeza, haina kelele hata kidogo. Ningekuwa nachagua kwa macho ningeondoka nayo. Mwenye duka akaniambia ukweli: hiyo ni ya kabati au choo, itakupa kikombe cha maji kwa siku ikijitahidi, na umeme ukikatika inalala mpaka uje uibonyeze. Umeme wetu unakwenda na kurudi kama mwanaume mwenye wake wawili. Ya pili ilikuwa na ukubwa wa begi la safari, ina magurudumu, na ndani ina kompresa kama ya jokofu. Hiyo umeme ukirudi inaendelea pale ilipoachia. Inapima unyevu yenyewe, na chumba kikishakauka inanyamaza. Chujio lake unalitoa unaliosha kwa maji ya kawaida, na ikiharibika, fundi yeyote wa majokofu hapa Korogwe atajua pa kuanzia.

Nikauliza maji inayoyavuta yanakwenda wapi. Kumbe ndoo ndiyo jambo kubwa, na sikuisikia kwa mtu mwingine yeyote. Maji inayovuta yanaingia kwenye kindoo kilichofichwa ubavuni, na kikijaa mashine inasimama mpaka ukimwage. Nikakivuta. Nikakirudisha. Nikakivuta tena kwa mkono mmoja, wa kushoto, ule unaouma.

"Kikijaa ni kizito kidogo," akasema mwenye duka. "Nyumbani kuna nani wa kukubebea?"

"Hakuna."

Akatazama pembeni, akapangusa vumbi lisilokuwepo. Nikamwambia aiwashe. Nikaweka kiganja juu yake na kufumba macho, na nikajisikia mpumbavu kamili, mwanamke mzima amesimama dukani kama anayeombea mgonjwa. Ilikuwa ikinguruma kwa sauti ya chini, sawasawa, haikwaruzi. Nikasema, "Zima." Ikashuka pole pole, ikatoa pumzi moja fupi kama mtu anayekaa baada ya kazi, ikatulia. Nilijua ndiyo yenyewe. Nikageuka nyuma kumwona mume wangu, kama naye amekubali, na nyuma yangu kulikuwa na feni zilizopangwa kwenye maboksi.

Nikailipia nikatoka haraka.

Nikaiweka katika chumba cha watoto, mlango wazi ili ivute na ukumbi. Asubuhi iliyofuata kindoo kilikuwa kimejaa. Sijui kama naweza kueleza furaha yangu. Nilikibeba hadi mlangoni kukitazama kwenye mwanga: maji safi, maangavu, yaliyokuwa yakielea chumbani mwangu bila mimi kuyaona. Nikampigia binti yangu kabla hajatoka kwenda kazini. "Ungeyaona, mwanangu! Ndoo nzima!" Akafurahi. Akasema, "Hongera mama. Tuombe iendelee hivyo."

Sasa, kindoo nikakipeleka nyuma kukimwaga. Nikakiinamisha. Mkono ukakataa.

Nilikozaliwa, Misima, maji yetu yalikuwa ya lambo. Upande mmoja walikunywa ng'ombe wa wafugaji, upande wa pili tulichota sisi kwa kata, tukichuja kwa kitambaa. Kiangazi kikikaza tulikuwa tunafukua mchangani na kungoja maji yajikusanye, na tulikuwa tunangoja kwa adabu kama wageni. Maji ya kunawa yalioshea vyombo, ya vyombo yalimwagiwa kuku au mchicha. Aliyemwaga maji safi ovyo alifinywa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu, hata asiye wa ukoo wake. Nilipoolewa na kuletwa Mazinde nikakuta bomba uani, siku ya kwanza nilijaza kila kitu chenye tumbo, hadi birika la chai. Mume wangu alirudi kazini akakosa sufuria ya kupikia. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku ya pili alirudi na pipa, akalisukuma hadi ndani, akaniambia, "Haya, lala usingizi sasa."

Tangu hapo nyumba yangu haikukosa mapipa. Yapo ukumbini, lipo la jikoni, yapo makarai mapana na madumu chini ya meza. Watoto walipoondoka nikaingiza na pipa kubwa katika chumba chao, kwa kuwa chumba kilikuwa kimekaa bure. Siyafuniki kwa mifuniko yake, maana maji yakifungiwa yananuka plastiki. Nayafunika kwa vipande vya kanga kuukuu, yapumue. Nyumba yoyote ya watu wa kwetu utaikuta hivyo. Mdogo wangu akija kutoka Misima, kabla hajapokea chai anapita akifunua kitambaa kimoja kimoja, na akiona maji yamefika juu uso unamlegea. "Hapa kuna watu," anasema.

Kwa hiyo nikakirudisha kindoo ndani, nikafunua kanga, nikayamimina maji ya mashine kwenye pipa la chumba cha watoto. Kesho yake nikayatia kwenye karai la ukumbini. Keshokutwa jikoni. Nikawa na utaratibu wangu: kuswali, kumimina kindoo, chai. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba mimi nimeoa mashine inayochota maji bila kwenda kisimani.

Masika yakakolea, yakapiga, yakaanza kupungua. Mashine ikawa inanguruma mchana na usiku. Nilizoea kuisikia. Nikiwa jikoni naisikia, nikiwa nakula naisikia, na sitaficha, nilianza kuizungumzisha. "Bado tu?" nilikuwa nikiiuliza nikipita. Ndilo swali nililokuwa namuuliza mume wangu akiwa amejilaza chini ya pampu iliyoharibika.

Lakini mwenye duka aliniambia chumba kikishakauka itanyamaza. Haikunyamaza. Nikampigia simu, akasema nifunge madirisha, huenda navuta unyevu wa wilaya nzima. Nikafunga. Haikunyamaza. Nyuma ya kabati madoa yakarudi, madogo kama ncha ya kidole. Hapo nikaanza kugombana na yule mama moyoni mwangu. Nilipanga maneno yote, nikifagia nayapanga, nikikuna nazi nayaongezea chumvi: mwenzangu, mimi nimekuja kwako kama dada, umeniuzia kopo linalonguruma. Siku moja nilivaa hadi ushungi niende nikamwambie. Mvua ndiyo iliyonirudisha.

Binti yangu alikuwa akipiga kila Jumapili.

"Shikamoo mama. Imekauka?"

"Marahaba. Inavuta, mwanangu, kindoo kila asubuhi."

"Inavuta nimesikia. Nauliza imekauka?"

Nikamwambia bado kidogo. Nilimsikia mtoto nyuma yake akiuliza, "Bibi anasema tunaenda?" na nikasikia simu ikifunikwa kwa kiganja. Shule zilikuwa zimebakiza muda mfupi zifungwe. Nilikata simu nikakaa kitandani mwa mtoto, nikaitazama ile mashine kwa chuki ya kweli.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida nilipogundua. Nilikuwa nimeshika kindoo, nimefunua kanga ya pipa la chumba cha watoto, nataka kumimina, na wazo likanijia polepole: hili pipa mbona halijajaa? Tangu masika hayajakolea namimina humu. Sioshi humu, sipiki na haya. Mimi naoga nusu ndoo na kupikia vikombe viwili. Maji yanakwenda wapi?

Nikainama kutafuta kama pipa linavuja. Sakafu ilikuwa kavu. Nikaenda kwenye karai la ukumbini, nalo lilikuwa pale pale, maji hayajapanda. Nikarudi na ile kanga mkononi, nikaigeuza upande wa ndani. Ilikuwa imeloa chepechepe. Nikaitazama kanga, nikalitazama pipa, nikaitazama mashine, imekaa hatua mbili kutoka kwenye pipa, inanguruma kwa bidii, haina kosa hata moja duniani.

Maskini. Ilikuwa inayavuta maji yangu mapipani na kuniletea kwenye kindoo, nami nikiyapokea na kushukuru na kuyarudisha mapipani. Tumefanya kazi hiyo mimi na yeye msimu mzima, kwa umeme wa kununua.

Nikacheka. Nilicheka kama ambavyo sijacheka tangu msiba, nikashika mbavu, nikakaa ukingoni mwa kitanda na kindoo mapajani, maji yakinimwagikia kwenye gauni. Nilicheka mpaka kicheko kikaisha chenyewe, na kilipoisha nikasikia jinsi nyumba ilivyo. Hakuna aliyeuliza kutoka chumba cha pili, "Wewe, unacheka nini?" Jambo la kuchekesha kama lile, na mtu pekee ambaye angelipenda kuliko wote, ambaye angelisimulia kiwandani mpaka astaafu mara ya pili, hayupo. Nilifuta machozi. Sikuwa na uhakika tena ni ya kucheka.

Nikampigia binti yangu, nikamsimulia. Naye alicheka mpaka wenzake ofisini wakamuuliza kuna nini. Kisha akatulia, akauliza kwa upole, si kwa kunisuta:

"Sasa mama, maji yote hayo unamwekea nani?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilikuwa na jibu, tena la siku nyingi: ya baba yako kuogea akitoka kazini ana mafuta mpaka viwikoni. Ya kaka zako, wanaopenda kumwagiana. Ya wageni wa sikukuu. Yako wewe, uliyekuwa ukitumia ndoo mbili kwa nywele tu. Nikayasikia yote haya kichwani na sikulitoa hata moja.

"Nitayatoa," nikasema.

Kusema ni rahisi. Kule kwetu ukitangaza una pipa la maji ya kugawa, watakuja na madumu kabla hujamaliza sentensi. Hapa nilimwendea jirani, nikamwuliza kama anahitaji maji. Akanyoosha mkono kwenye bomba lake, halafu juu kwenye wingu, na akaniuliza kama naumwa. Nilikosa wa kumpa. Na kumwaga siwezi, nimeshasema.

Nikaamua kuyafulia. Nikatoa mapazia, nikatoa vyandarua, mashuka ya vitanda visivyolaliwa. Yalipobaki maji na nguo zimekwisha, nikafungua kabati upande wa mume wangu. Nilikuwa sijaufua upande ule. Shati lake la kazi lilikuwa bado na harufu ya grisi na ule uchachu wa mkonge uliokamuliwa, harufu niliyoilalamikia miaka yote ya ndoa, na juu yake harufu ya ukungu, inayoila ile nyingine kidogo kidogo. Nilikaa nalo kwa muda. Kisha nikalitia kwenye karai, kwa sababu la sivyo ukungu ungelimaliza lote, na mimi ningebaki nimelinda uvundo. Maji yaligeuka ya kahawia. Maji yale niliyamwaga, yalikuwa machafu, hayana lawama.

Na mvua ilikuwa bado inapigapiga, kwa hiyo nguo zote nilizianika ndani kwenye kamba, chumba cha watoto, nikafunga mlango, nikaiachia mashine kazi ya mwisho. Iliifanya yote. Mashati yalitoka makavu, mepesi, hayana harufu ya mtu.

Mapipa niliyapindua, nikayatoa uani. Baada ya hapo, mchana mmoja nikiwa napepeta mchele, nilihisi kuna kitu kimekwenda vibaya. Nikaacha ungo nikasikiliza. Mashine ilikuwa imenyamaza. Nilikimbia nikidhani imeungua. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka vizuri tu. Nyumba ilikuwa imekauka. Nilisimama mlangoni katika ukimya ule, jambo nililolitaka tangu Pasaka limetimia, na nikatamani iseme kitu.

Juni mtoto akaja. Basi la Handeni lilimshusha na mama yake, wote wana vumbi jekundu kwenye nyusi, na mtoto akanikimbilia kabla ya "Shikamoo bibi" yake kumtoka yote. Binti yangu alipita nyumba nzima akinusa kama mkaguzi, akasogeza kabati, akatazama nyuma. Alinishika bega, akaenda kuweka dawa ya mtoto ya kuvuta karibu na mto, kwa tahadhari tu. Haikuguswa.

Asubuhi niliamka nikakuta mashine inanguruma. Nikashtuka. Nikavuta kindoo, kikawa na maji. Mapipa hayapo, nguo mbichi hakuna, mvua zimekwisha. Mtoto alikuwa ameamka, amekaa kitandani, nywele zimesimama.

"Bibi, hayo maji yametoka wapi?"

Nikamtazama. Nikalitazama godoro lenye shimo dogo alipolala, nikamtazama mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Yametoka kwenu," nikasema. "Ni pumzi zenu hizo."

Hakuamini. Akapuliza kwenye kiganja, akakigusa, akapuliza tena kwenye kioo cha dirisha, akaona. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi alikimbilia kindoo kuona amepumua kiasi gani. Alioga, akaacha mlango wa bafu wazi, kikaongezeka. Tulipika maandazi, kikaongezeka. Jirani alileta watoto wake wakacheza ndani siku nzima, kikajaa mpaka mashine ikasimama, mjukuu wangu akapiga makofi. Maji hayo tuliyamwagia mchicha, yeye akimimina na mimi nikielekeza, na hata mara moja sikuona uchungu kuyatoa.

Kisha likizo ikaisha. Nikawasindikiza stendi. Binti yangu alisema dirishani, "Desemba mama, Mungu akipenda," na safari hii hakuongeza sharti lolote.

Mashine ilinguruma jioni ile, na kesho yake, ikimalizia walichoacha. Baadaye ikanyamaza. Niliendelea kuamka na kwenda kuvuta kindoo kabla ya chai. Asubuhi moja nilikibeba hadi kwenye mchicha, nikakipindua, na hakikuanguka kitu. Nilikuwa nimekibeba kitupu njia nzima bila kuhisi uzito wake. Nilibaki nimekishikilia hivyo hivyo, kimepinduliwa. Kumbe mimi nikiwa peke yangu ndani ya nyumba hata mashine haioni kama kuna mtu.

Nilirudi uani. Mapipa sikuyagusa, sijarukwa kiasi hicho. Nilichukua beseni moja, lile la kunawia mikono, nikalijaza bombani, nikaliingiza chumba cha watoto na kuliweka chini, hatua mbili kutoka kwenye mashine. Nikafunga dirisha. Nikaenda zangu jikoni kubandika chai.

Jioni ikaanza kunguruma. Binti yangu alipopiga simu aliuliza hiyo sauti ni ya nini, si nyumba ilishakauka? Nikamwambia kwamba huku kwetu unyevu hauishi.